Katibu Aliyechimba Maduara ya Watoto

Tulimpa ukatibu kwa sababu alikuwa mwanamume pekee kati yetu, na sisi kwa ujinga wetu tukadhani mwanamume lazima anajua kuandika. Kumbe alikuwa nyuma yangu mimi niliyeishia darasa la nne. Lakini cheo hakukikataa. Alichomeka kalamu sikioni, akakaa wima kama hakimu, akasema, "Kikao kimefunguliwa." Kikao kilichofuata akasimama na kututolea muhtasari wote kichwani: nani alisema nini, nani alilia, nani alimkatiza nani, nani alikuja na mtoto mwenye kamasi. Hakukosea hata neno. Ile kalamu haikuwahi kugusa karatasi, na siku nilipoiazima ili nimwandikie mtu namba ya simu nikakuta haina hata wino.

Sisi ni wazazi wa hapa Kharumwa wenye watoto waliochelewa. Wenzao wanakaa, wao shingo bado. Wenzao wanakimbiza kuku, wao ndiyo kwanza wanajifunza kukaa. Wangu anaitwa Milembe. Nilipompeleka zahanati, nesi mmoja, Tedi, alimwangalia mara moja tu akasema, "Mvivu huyu, atatembea akitaka." Mchungaji Amosi akaniambia nitubu, ila hakuniambia nitubu nini. Mama mkwe wangu, mama yake Masanja, akasema ukoo wao haujawahi kuzaa mtoto wa namna hiyo. Uongo mtupu. Binti yake mwenyewe alimzaa mmoja, wakamweka chumba cha nyuma karibu na ghala, tukawa tunasikia sauti yake tukipita. Halafu hatukuisikia tena. Na Masanja, mume wangu, alikwenda Chunya kufuata dhahabu Milembe akiwa hata shingo hajaikaza. Nawataja kwa majina. Wanaosema mtu mzima husitiri hawajawahi kufungiwa mlango wakiwa na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo unielewe hofu yangu ilikuwa wapi. Mahari yangu ililipwa ng'ombe, na kwetu ng'ombe wakishavuka, mtoto ni wa kule walikotoka ng'ombe. Siku yoyote yule bibi angeweza kuagiza Milembe aletwe. Nilikijua chumba kinachomngoja.

Turudi kwa Katibu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kikohozi cha vumbi la machimboni kilichokuwa kinamtangulia kama mbwa. Kofia yake ya pama alikuwa hamwachii mtu aiguse. Alichimba maduara miaka mingi, yale mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, mpaka kifusi kilipomfunika hadi kifuani. Walipomtoa akaacha kazi, akawa anauza maji kwa baiskeli asubuhi, na mchana anakaa na watoto. Mkewe ndiye aliyekwenda sokoni na michembe yake, vile viazi vikavu. Walikuwa na pacha. Kulwa, msichana, alitembea mapema. Doto, mvulana, hakuinuka. Watu wa mtaa walimwita baba kwa jina la pacha anayetembea, naye hakuitika. Ukimwita kwa jina la Doto, aliitika kabla hujamaliza.

Wanaume walimcheka sana. Walikuwa wakimkuta anaosha nepi kisimani, wanasema kalishwa limbwata na mkewe.

"Limbwata lenyewe nililipika mimi," aliwajibu. "Mke wangu hajui kupika."

Na ni kweli, mkewe hakujua kupika.

Sasa nikuambie ajenda yake ya kwanza. Sisi tulifika pale uani kwake tukidhani tutafundishwa kitu, au tutagawiwa kitu, maana Mtanzania akiitwa kikaoni anabeba na mfuko. Katibu akatutazama macho yetu mekundu, akamnyooshea kidole Mama Rukia. Huyu ni mwanamke wa Kigoma anayeuzia chakula wasaga mawe kwenye karasha, na Rukia wake alikuwa mtoto wa kukakamaa mwili na kulia kutwa.

"Mayu," akamwambia, yaani mama kwa Kisukuma, "ingia ndani ulale."

"Nilale?"

"Kitanda kile pale. Mtoto mwache hapa. Hiyo ndiyo ajenda."

"Katibu, mimi ni mke wa mtu!"

"Na mimi ni mume wa mtu, na mtu mwenyewe yule pale mlangoni anakuangalia. Lala."

Mama Rukia alilala kwenye kitanda cha mke wa Katibu mchana kweupe, akakoroma mpaka kuku wakahama. Sisi tukampokezana Rukia kwenye mapaja. Akalia, tukamwacha alie, hakuna aliyesema mtoto wa nani huyo. Alipotoka Mama Rukia uso umemvimba kwa usingizi, alikuwa mzuri mpaka tukashangaa. Tangu hapo kila kikao mmoja wetu alikuwa na zamu ya kulala. Ndugu zangu hawajawahi kunipa zawadi kama ile, na ndugu zangu ni wengi.

Maduara yenyewe yalianza na Doto. Katibu alisema wazo alilipata siku ile ya kifusi. "Nimefukiwa mpaka hapa, najaribu kuanguka, nashindwa. Nikajiambia, kumbe mtu akishikwa na udongo pande zote anasimama hata asipotaka." Mkewe alikuwa akisikia hivyo anasonya. Alisema bibi yake mzaa mama aliwasimamisha watoto hivyo hivyo shambani, kila mtu anajua, hakuna kifusi hapo wala nini. Katibu alimwacha amalize, kisha anaendelea na hadithi ya kifusi.

Alichimba shimo dogo uani, kina cha kifua cha mtoto, akalizungushia matenga yaliyokatwa na khanga kuukuu. Mtoto unamshusha, miguu inakanyaga chini, mikono inabaki juu ya ardhi, mbele yake unamwekea kifuniko na kijiko agonge. Kila mtoto lake. Alitumia maneno yale yale ya machimboni. "Duara bila matimba ni kaburi," alisema, akikagua yale matenga kama wanavyokagua magogo ya kuzuia ukuta usiporomoke.

Alipokuja mtaalamu wa viungo kutoka wilayani, binti mdogo mpole, alituambia wazo si baya ila Katibu amechimba kina kupita kiasi. Watoto walikuwa wananing'inia kwa makwapa, nyayo hazikanyagi sawasawa. Tena wasikae humo muda mrefu. Katibu alinuna. Kikao kizima alikaa kama mtu aliyefiwa, kofia imefunika macho. Kilichofuata tukakuta mashimo yote yamejazwa udongo chini, yamepimwa upya, na yeye anatuambia kwa sauti kubwa, "Kama nilivyosema siku zote, nyayo ndiyo kila kitu." Yule binti alikuwepo. Aliinama akacheka kwenye mtandio wake.

Usidhani namsifia tu. Alikuwa na mabaya yake, na mimi mabaya ya watu siyaachi. Huyo Katibu aliyejua kila mtoto wetu anapenda kushikwa vipi, alimsahau Kulwa wake. Kweli kabisa. Siku moja alimwacha mnadani, akarudi na Doto mgongoni anaimba, mpaka jirani alipomletea yule msichana kwa mkono. Baadaye Kulwa akaanza kuchechemea. Tukaogopa. Tukamvua viatu, tukatafuta mwiba, hakuna.

"Unaumwa wapi, Kulwa?"

"Miguu yangu mibaya," akasema. "Na mimi nataka duara."

Katibu alichukua sururu, akachimba lingine pembeni ya la Doto. Kulwa akashuka mwenyewe, akasimama humo na mikono juu ya ardhi kama malkia, mchana wote, akigonga kifuniko. Lakini wiki iliyofuata Katibu alikuwa amemsahau tena. Nasema nilichokiona.

Jambo jingine, alichukia uongo kupita kiasi. Mama Rukia aliwahi kukosa kikao akatuma salamu kwamba mtoto ana malaria. Ikajulikana alikuwa na wageni wa mumewe, kamficha mtoto chumbani wasimwone. Katibu akamsimamisha vikao. "Siyo kwa kuficha," alisema. "Kuficha tumeficha wote. Kwa malaria. Uongo ni gesi ya shimoni, huuoni mpaka mtu adondoke."

Kumbuka maneno hayo, maana ndiye huyo huyo aliyekuja kutusemea uongo mkubwa kuliko wote.

Ilikuwa hivi. Mchanga wa kuweka chini ya maduara alikuwa anauosha. Hakutaka kokoto ziwachome watoto nyayo, kwa hiyo aliuchekecha, akauosha kwenye karai, akauzungusha zungusha polepole uoneshe mawe. Sasa wewe fikiria. Uko Kharumwa. Unapita kwa mchimbaji wa zamani, unakuta mashimo mapya uani, wanawake wamejaa, wanaingia mmoja mmoja ndani kulala mchana na kutoka wanatabasamu, na mwenye nyumba amechuchumaa anazungusha mchanga kwenye karai. Nani hapa atakayedhani ni mambo ya watoto?

Asubuhi moja tulikuta watu wamejaa na sururu zao. Wamechimba mpaka chini ya choo. Mzee mmoja alikuwa anaonja udongo. Katibu alisimama mlangoni na singlendi akipiga kelele kwamba hakuna dhahabu, na kadiri alivyokana ndivyo walivyochimba, maana mwenye dhahabu ndivyo anavyosema. Waliondoka jioni wamechoka, lakini habari ilikuwa imeshasafiri. Ikafika Chunya.

Masanja akarudi.

Mtoto alipougua hakurudi. Mama yangu alipokufa hakurudi. Alirudi na begi jipya na miwani ya jua, hakupitia kwangu, akaenda moja kwa moja uani kwa Katibu. Mimi nilikuwepo nimempakata Doto. Aliniona. Akanisalimia kama anavyosalimia karani.

"Mzee, shikamoo. Nasikia binti yangu ana duara hapa."

"Marahaba. Analo. Lile la katikati."

"Mwamba wa dhahabu mmeufikia?"

Katibu alikohoa kwanza. Nikadhani atasema ukweli, mtu wa ukweli yule.

"Dalili ni nzuri," akasema.

"Vizuri. Maana mama kaagiza mtoto. Jumapili namchukua nampeleka nyumbani."

Katibu hakunitazama.

"Mchukue, ni wako," alisema. "Ila duara limefunguliwa kwa jina lake. Akiondoka linafungwa. Na mwenye duara anapiga zamu. Asiyepiga zamu hana gawio, sheria ya machimbo unaijua."

"Zamu ya kufanya nini?"

"Ya kumsimamisha. Akisimama yeye, watu wanaona watoto, hawaoni kazi. Umeelewa?"

Masanja akavua miwani. "Nimeelewa, mzee."

Alipoondoka nilimrukia Katibu. "Umeniuza!"

"Mayu, kaa chini. Mchimbaji humwondoi kwa kumfukuza. Unampa shimo."

Mama Rukia, aliyekuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Katibu. Kuna mtu hapa alisimamishwa kwa malaria."

"Najua."

"Basi?"

"Andikeni nimejisimamisha."

"Nani aandike?"

Kikao kilichofuata Katibu alikaa nje ya mkeka, ametugeuzia mgongo, kofia kichwani, adhabu kajipa mwenyewe. Tulipomsahau kwenye chai alikohoa.

Masanja akapiga zamu. Siku baada ya siku alichuchumaa kwenye duara la Milembe, amemshika kiuno kama Katibu alivyomwonesha, nyayo chini, magoti yasipinde. Macho yake yalikuwa kwenye udongo. Mtoto alikuwa anamgonga kichwani na kijiko, naye anasema, "Acha, wewe." Jumapili ikapita. Bibi akapiga simu, Masanja akamwambia subiri kwanza, kuna kazi. Jumapili nyingine ikapita. Mimi nilikuwa nalala na Milembe nimemfunga kwangu kwa khanga, nikijua siku mwanamume yule atakapogundua hakuna kitu, atambeba kwa hasira.

Siku moja alichoka kusubiri. Alimtoa Milembe kwenye duara, akamweka kando kama mtu anavyoweka ndoo, akainama na kuingiza kichwa na mikono ndani achokonoe chini. Makalio juu. Milembe alianza kuanguka. Niliinuka. Katibu akanishika mkono.

Mtoto akadaka suruali ya baba yake. Akaidaka na mkono wa pili. Akayumba, magoti yakacheza, kisha yakanyooka.

"Nani kanishika?" sauti ikatoka shimoni.

"Usiinuke," Katibu akasema. "Ukiinuka ataanguka."

"Nani?"

"Binti yako. Amesimama."

Masanja akabaki hivyo hivyo, kichwa ndani ya shimo. Wanawake wote tumeziba midomo. Mgongo ulimuuma, tulimsikia anaguna, lakini hakuinuka. Milembe alisimama ameshika suruali ya yule mwanamume, anaangalia kuku kwa urefu mpya. Kisha akakaa chini mwenyewe, puu, akacheka.

Masanja akatoka na udongo kwenye nyusi. Katibu akamwambia palepale, "Hakuna mwamba. Haujawahi kuwepo."

Nilijua sasa atapiga mtu. Mkono wake naujua vizuri, nina jino moja pungufu kwa ajili yake. Alikaa ukingoni mwa lile shimo.

"Mzee, wewe ni mwizi."

"Ndiyo," Katibu akasema.

Masanja akatoa simu. Alimpigia mama yake, na mimi nilisikia kila neno kwa sababu alikuwa anapiga kelele kama watu wote wanaopiga simu mbali. "Mama, mtoto anasimama. Ndiyo. Nimeona mimi. Haji huko. Nimesema haji."

Wiki haikuisha akarudi Chunya. Hilo moja nampa. Mengine yote bado yako kwangu, na nikipata msikilizaji nayataja moja moja.

Ungedhani mtu kama Katibu mambo yangemnyookea. Doto alikuwa na kifua kibaya tangu zamani, na masika moja kikabana, hakikuachia. Tulizika kwenye matope. Kikao cha kwanza baada ya matanga Katibu hakuja. Tukatuma watu, mkewe akatuambia katoka. Tuliiona kofia yake dirishani. Tukatuma tena. Akatujibu kwa kinywa cha mkewe: "Waambie, mimi sina tena mtoto kikaoni." Halafu tukasikia wamehama, kwaheri hakuna. Nilikasirika. Nilikasirika kuliko nilivyomkasirikia Masanja, maana Masanja sikumtegemea. Mama Rukia akashika ukatibu. Anaandika vizuri, lakini husahau kila kitu.

Mwaka huu nilikwenda Kagongwa kununua mchele wa kuja kuuza, nikamchukua Milembe. Sasa ni msichana mkubwa. Anatembea, mguu mmoja unachora chini, lakini anatembea. Maneno hana mengi. Analo moja amelipata karibuni, na analitumia kwa kila mtu, na akishalitumia analirudia, maana halimchoshi. Linawachosha wengine. Kwenye gari mama mmoja alimwitikia mara ya kwanza, ya pili, kisha akageukia dirishani. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, mzuie basi." Nikamjibu neno ambalo siliandiki hapa.

Pale kwenye mashine za kukoboa alikuwepo mzee kainama anakusanya pumba, kichwa cheupe kwa vumbi, kofia hana. Nilimjua kwa kikohozi. Nikasimama. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga kwa miaka. Akainua uso akaniona, akatazama chini haraka kama mtu aliyefumaniwa.

"Mayu," akasema.

"Katibu."

"Nilisikia mnaendelea."

"Tunaendelea."

Alifuta mikono kwenye suruali. "Bado naamka kumgeuza Doto," akasema. "Usiku. Mkono unakwenda wenyewe." Akajaribu kucheka. "Kulwa ananiambia, Baba, lala."

Milembe akaniachia mkono. Akaenda, mguu unachora kwenye pumba, mpaka akasimama mbele yake. Katibu aliitazama ile miguu. Alianzia chini, nyayo, kisha magoti, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Shikamoo," Milembe akasema.

"Marahaba, mama."

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Shikamoo."

"Marahaba, Milembe."

Mwenye mashine akapiga ukelele kutoka ndani kwamba magunia yanangoja, mzee anafanya nini huko. Watu wa foleni wakaanza kucheka. Milembe hakugeuka, alikuwa anavuta pumzi ya kusema tena. Na Katibu, bila kumwondolea macho, akainua mkono kuwanyamazisha wote.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Hamuoni nasalimiwa?"